Ngwe ya Mheshimiwa Waziri

Jamhuri ya Neematele msiitafute kwenye ramani, hamtaiona. Mchora ramani alifika mpakani kwetu zamani, akaambiwa alipie kwanza kibali cha kuangalia milima, akanuna akarudi kwao. Basi tumebaki hivyo hivyo. Hatujulikani, lakini tunajipenda, na bendera yetu inafuliwa kila Ijumaa.

Mimi ni mtumishi wa umma, Mpiga Makofi wa Serikali, Daraja la Pili. Msicheke. Huko kwenu sheria zinatungwa na watu wanaobishana ukumbini, wanarushiana vijembe, mwisho wanasinzia. Sisi tumerahisisha mambo. Kiongozi akitoa tamko mbele ya watu, na tamko hilo likapigiwa makofi, limeshakuwa sheria pale pale. Mwandishi analiandika, mhuri unagongwa, watu wanakwenda kula. Lisipopigiwa makofi ni maneno tu, kama ya mtu anayeongea na mbuzi wake. Kwa hiyo viganja vyangu mnavyoviona hivi ni nusu ya Bunge.

Kazi yenyewe ina ufundi. Mpiga makofi hodari hasikilizi maneno, anasikiliza pumzi. Kiongozi akifika mwisho wa sentensi lazima avute hewa, na hapo ndipo unapoingia. Ukianza kusikiliza maneno utachelewa, na ukizoea kuchelewa utaanza kufikiri, na kufikiri kumewaharibia kazi watu wengi tu ninaowafahamu.

*

Nchi nyingine nasikia zina kima cha chini cha mshahara. Wazee wetu wa Serikali waliliangalia jambo hilo wakaona lina hatari, maana ukimwekea mtu sakafu atataka kusimama. Wao wakaweka dari. Sheria ya Kima cha Juu inasema kwamba mvunaji wa shamba, kwa ngwe moja, asilipwe zaidi ya thamani ya maandazi mawili. Ngwe, kwa wale mliozaliwa mjini, ni kile kipande cha shamba anachopimiwa mtu mmoja akimalize.

Nia ilikuwa njema. Mvunaji akilipwa kidogo, chakula kitakuwa rahisi mjini, na mjini ndiko wanakokaa watu wanaojua kulalamika kwa sauti. Siku sheria inapita nilikuwepo, niliipigia mimi. Wakati huo andazi lilikuwa andazi kweli, unalishika kwa mikono miwili. Miaka imepita, andazi limekonda, siku hizi ukipiga chafya mezani unalitafuta chini ya kiti. Lakini sheria haikutaja ukubwa, ilitaja idadi, na idadi hatujaigusa.

Cha ajabu, chakula hakikuwa rahisi. Mchele ulipanda bei hadi watu wakaanza kuuona kwenye harusi tu, na hata huko kwa kupanga foleni. Wizara ikafanya uchunguzi. Ikagundua kwamba mchele ni ghali kwa sababu haupo, haupo kwa sababu umebaki shambani, na umebaki shambani kwa sababu wavunaji wameadimika. Wakati wanataka kujua wavunaji wameadimika kwa nini, fedha za uchunguzi zikaisha.

Waziri wetu wa Chakula na Shukrani, Mheshimiwa Profesa Daktari Shomvi Kitwana, hakukaa kimya. Kwanza aliagiza mashine ya kuvunia kutoka ng'ambo, kubwa, nyekundu, ina kiyoyozi ndani. Ilikuwa mashine ya ngano ya nchi kavu. Ilipoingia kwenye jaruba la mpunga ikazama mpaka kwenye taa, na sasa wamo kambale humo wanaishi vizuri. Halafu akatoa tamko kwamba vijana ni wavivu. Nikapiga makofi, na tangu siku hiyo vijana wetu ni wavivu kisheria, hata wale wanaoamka alfajiri.

Dawa ya tatu ndiyo ilikuwa kubwa. Wizara ilianzisha Semina ya Kitaifa ya Kutafuta Chanzo cha Uhaba wa Wavunaji, na washiriki wakaitwa wavunaji wenyewe, kwa kuwa ndio wadau. Kila mshiriki alipewa chai na chapati asubuhi, wali kwa kuku mchana, nauli, na posho ya kukaa. Sasa mtu na akili zake achague. Akainame juani kutwa nzima apate maandazi mawili, au akakae kwenye kiti cha plastiki, aulizwe kwa upole kwa nini havuni, apate paja la kuku. Semina zilifurika. Kadiri zilivyofurika ndivyo mashamba yalivyokosa watu, na kadiri mashamba yalivyokosa watu ndivyo Wizara ilivyoongeza semina. Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanajuana.

*

Katika Bonde la Kitopeni kuna mama mmoja mkulima, Bi Siwatu. Mjane, mrefu, sauti yake ukiisikia ng'ambo ya mto unadhani amesimama nyuma yako. Shamba alilirithi kwa mama yake, naye mama alilirithi kwa mama yake, na halijawahi kulala bila mpunga. Mwaka jana mpunga wake uliiva vizuri sana, ukasimama ukingoja. Wavunaji hawakuja. Wakaja kwelea, makundi kwa makundi, hawakuhitaji nauli wala chapati. Walichobakisha ndege mvua ililaza matopeni. Nyumba nzima ya Bi Siwatu ilikula mihogo mwaka mzima, na kwa kweli walikonda.

Mwaka huu mpunga ukaiva tena, umeinamisha vichwa, na upande wa milimani mawingu yakaanza kujipanga. Bi Siwatu alisema maneno ambayo majirani zake hawakupenda kuyasikia.

"Ukinipotea na huu, shamba nauza. Nitakwenda mjini nikakaange karanga. Mama atanisamehe."

Asije mtu akasema alikuwa bahili. Alishawaita wavunaji akawaambia wazi: ngwe moja, pishi mbili za mpunga na wali wa mchana. Walikuja mbio, mundu mkononi. Hawajainama hata kidogo, pikipiki ya Bwana Dihenga ikatokea. Bwana Dihenga ni Afisa wa Kima. Kazi yake ni kuzunguka mashambani kuhakikisha hakuna mtu anayelipwa vizuri. Nyuma ya pikipiki amefunga kisanduku cha kioo, na ndani yake mna maandazi mawili ya Serikali, ya kipimo, yamewekwa juu ya kitambaa cheupe.

"Mama, unawaharibu watu," alisema. "Ukimpa huyu pishi mbili leo, kesho atataka kula tena."

"Kwani wewe kesho huli?"

"Mimi ni mtumishi."

"Haya, na huu mpunga nikiuacha hapa, nani ataula?"

"Hilo halimo katika majukumu yangu." Akafungua kisanduku, akaonyesha maandazi, akafunga. Wavunaji wakaangalia miundu yao, wakaangaliana, wakaondoka kwenda kuwahi semina.

Aliyebaki nyuma ni Pazi, mvunaji mmoja mwenye mabega mapana na mdomo usiotulia. Aling'oa suke moja la mpunga, akalisugua kiganjani, akapuliza makapi.

"Shangazi, mie hata usingizini navuna," alisema. "Lakini kule kuna kuku, na wanangu hawajui kama mpunga wako unaniuma."

Bi Siwatu aliitazama njia waliyoondokea wenzake. Kisha akasema, "Kama ni semina wanayotaka, basi nitaileta hapa hapa jarubani. Na kuku nitachinja mwenyewe."

*

Alifunga safari mpaka Wizarani, akaomba semina ifanyike shambani kwake, wadau wauone uhaba kwa macho. Mheshimiwa Waziri alifurahi kupita kiasi. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na watu wa televisheni walikuwa wamechoka kumpiga picha akikata utepe. Alisema atakuja mwenyewe kuwa mgeni rasmi. Na Waziri akienda mahali, viganja vyangu huenda naye.

Tulifika asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye eneo la juu, kavu, na viti vya plastiki vimepangwa hadi ukingoni mwa mpunga. Bondeni kote dhahabu tupu, na harufu ya pilau inatoka kwenye mafiga. Wavunaji wote wa Kitopeni walikuwepo, wamevaa vizuri, na kwenye mkoba wa kila mmoja kimechomoza kitu chenye umbo la mundu. Nikamwona Bi Siwatu anapita katikati yao akiwanong'oneza. Mpango wake ulikuwa kwamba baada ya chai watangaziwe kazi za vikundi, kila kikundi kiingie jarubani kufanya vitendo, na mpaka saa ya chakula shamba liwe jeupe.

Ungefaulu, kama si Bwana Dihenga. Alisimama na kisanduku chake.

"Posho ni ya kukaa," alisema. "Atakayesimama akashika mundu si mshiriki tena. Huyo ni mvunaji, na mvunaji kima chake ni hiki hapa."

Waliokuwa wameinuka nusu wakarudi vitini. Ikawa hivyo basi: watu wameketi, mpunga umesimama, na mawingu yameshavuka mlima wa kwanza. Upepo wa baridi ukapita, masuke yakalalia upande mmoja. Bi Siwatu alikwenda kwenye mafiga, akajifanya anapuliza moto ili tusimwone akijifuta macho. Iliniuma, sitaki kuwaficha. Lakini mimi hapo sikuwa na kazi nyingine zaidi ya ile niliyoajiriwa.

Waziri akaanza hotuba. Alieleza kwamba uhaba wa wavunaji si uhaba wa wavunaji, ni uhaba wa moyo. Makofi. Kwamba babu zetu walivuna bila kulipwa chochote, na waliishi muda mrefu sana. Makofi. Kwamba kuvuna ni jambo jepesi, ni kama mazoezi, matajiri wa ng'ambo wanalipia kuinama namna ile. Makofi. Kamera zikasogea karibu, na Mheshimiwa akiziona kamera zimesogea damu yake huchemka. Akavua koti.

"Nileteeni mundu niwaonyeshe."

Pazi aliinuka kwenye kiti chake taratibu, akavua kofia.

"Mheshimiwa, samahani. Unaomba kushika mundu upigwe picha, au unapokea ngwe?"

"Napokea," alisema Waziri. "Napokea ngwe."

Vigelegele vya kina mama vilipasuka mpaka ndege wakaruka. Pazi akapima ngwe kwa kamba, akachomeka vijiti kwenye pembe, akampa Waziri mundu kwa mikono miwili. Mimi nikapiga makofi, kwa kuwa Mheshimiwa alivuta pumzi.

*

Mila ya Kitopeni katika jambo hili haina utani. Ngwe uliyoipokea mbele za watu ni yako mpaka iishe. Ukishindwa, ruhusa unayo ya kuiuza: unasimama ndani ya ngwe yako, unataja kwa sauti utawapa nini watakaokusaidia, wakiridhika wanaingia. Ila mwenye kutaja ni wewe, wao hawaombi. Na ukitoka bila kuimaliza wala kuiuza, jina lako ni Mwacha-ngwe, wewe na watoto na wajukuu. Upo ukoo mmoja kule bondeni, babu yao aliacha kipembe kidogo tu enzi za mkoloni, na mpaka leo wakitaka kuoa wanakwenda wilaya nyingine.

Bi Siwatu alimweleza Waziri hayo yote kwa adabu, wakati Waziri ameshaingia mpaka vifundoni kwenye tope na kamera zinawaka. Mheshimiwa alicheka akasema hapana shida.

Mkupuo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili akakata na utepe wa kiatu. Baada ya kama mita tatu aliinuka, akashika kiuno, akauliza kama ngwe ndiyo imekwisha. Pazi akamwonyesha kijiti cha mwisho kilipo, mbali, karibu na mbuyu wa shamba la jirani. Waziri akarudi kuinama. Jasho likamwingia machoni, makapi yakamwingia shingoni, na ruba mmoja, ambaye hakuwa na habari za vyeo, akamganda kwenye shavu la mguu.

Ngurumo ikasikika mlimani. Mheshimiwa aliinuka kwa awamu, kama mtu anayenyanyua mlango.

"Nauza," alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia. Pilau tu ndiyo iliyosikika ikichemka.

"Atakayenisaidia atapata heshima ya kuitumikia nchi yake."

Hakuna aliyesogea. Hata mimi sikupata pa kuingia, alikuwa anahema tu. Mama mmoja alirekebisha khanga akaketi vizuri zaidi.

"Atapata cheti."

Mzee mmoja akaomba aongezewe chai.

"Bwana Dihenga, leta kima."

Bwana Dihenga akakunja suruali, akaingia topeni na kisanduku chake, akakiinua juu watu wote waone. Pazi alisogea karibu akachungulia kwenye kioo kwa makini.

"Hili la kushoto lina ukungu, mjomba," alisema, akarudi kuketi.

"Sasa mnataka nini?" Waziri alikuwa karibu kulia, na sauti yake haikuwa tena ya jukwaani. "Semeni mnataka nini, jamani."

"Sisi hatusemi, Mheshimiwa," alijibu Pazi kwa upole. "Mwenye ngwe ndiye anayejua uzito wake. Wewe uko humo ndani, tuambie wewe. Kazi hiyo ni ya kiasi gani?"

Waziri akaitazama mikono yake. Ilikuwa na malengelenge. Akautazama mgongo wa Bi Siwatu, ambaye kule kwenye mafiga alikuwa anapima mchele wa Wizara wa kuongeza sufuriani, pishi moja, pishi ya pili, bila kugeuka. Tone la kwanza la mvua likamwangukia kichwani, na nadhani ndilo lililomaliza kazi.

"Pishi mbili!" alipiga kelele. "Pishi mbili za mpunga kwa kila ngwe, na wali wa mchana, na kitoweo juu yake! Na mtu anayeona ni nyingi aje ainame yeye!"

Akavuta pumzi.

Mimi nikapiga makofi.

Naapa sikuwa na nia yoyote, wala mbaya wala nzuri. Pumzi ilivutwa, mikono ikaenda. Niliyapiga yale mazito, ya kilo, kama ya bajeti, na yalisikika bonde zima. Mwandishi wa Serikali, ambaye naye amefundishwa kusikiliza makofi na si zaidi, akaandika. Mwenye mhuri akagonga. Ndipo nikaona Bwana Dihenga amenikodolea macho, na Waziri naye amenikodolea, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikajiuliza aliyekuwa anaongea alikuwa amesema nini.

Alikuwa amesema sheria.

Wavunaji waliinuka. Si mmoja mmoja, waliinuka wote, viti vya plastiki vikaanguka kinyumenyume, mikoba ikafunguka, miundu ikatoka. Ngwe ya Waziri waliimaliza kabla hajatoka topeni. Hawakuishia hapo. Pazi alikimbia na kamba yake akipima ngwe mbele yao, nao wanakata nyuma yake wakiimba, miganda inapokewa na wengine inapelekwa chini ya turubai, mahali palipokuwa na meza kuu. Wataalamu wanne wa uhaba tuliokuja nao kutoka Wizarani walisimama wakitazama uhaba unaisha mbele ya macho yao, na mmoja wao akavua viatu. Bwana Dihenga alihesabu kichwani mshahara wake wa Serikali ni sawa na pishi ngapi. Akaweka kisanduku chini kwenye nyasi, akaomba mundu.

Bi Siwatu alisimama ukingoni mwa turubai. Alikuwa anapokea miganda na kuipanga, anapokea na kuipanga. Mganda wa mwisho alioupokea aliukumbatia kama mtoto, na mvua ikashuka. Ilishuka mvua ya kweli, ya kulaza shamba. Ikakuta mabua matupu.

*

Tulikula chini ya turubai, tumebanana katikati ya miganda, wavunaji na maafisa mabega kwa mabega, maana hapakuwa na nafasi ya kubagua. Waziri alikuwa na tope mpaka masikioni. Alikula sahani ya kwanza ameinamisha kichwa. Kwenye ya pili akapata nguvu, na uwaziri ukaanza kumrudia.

"Bibi," alimwambia Bi Siwatu, "umenitia matatani. Mvunaji akilipwa pishi mbili, mchele utapanda bei. Watu wa mjini nitawaambia nini?"

Bi Siwatu alikuwa amechuchumaa anakwangua ukoko. Aliendelea kukwangua.

"Mheshimiwa, mpunga wangu wa mwaka jana wote waliula kwelea," alisema. "Ule huko mjini mliununua bei gani?"

Waziri akatafuna. Alitafuna muda mrefu, akitazama mvua inavyopiga yale mabua. Halafu akasogeza sahani yake mbele, taratibu, akaomba na ukoko.